Elimu ya awali: kutetea jambo ambalo hakuna anayelipinga

Zunguka Dodoma nzima ukimtafuta mtu atakayesimama hadharani na kusema watoto wadogo hawana haja ya kusoma. Hutampata. Waziri anaunga mkono, mbunge anaunga mkono, diwani anaunga mkono, shehe na mchungaji wanaunga mkono, na bibi anayelea wajukuu watatu kule Mvumi anaunga mkono kuliko wote hao. Sera ipo. Mtaala upo. Programu ya taifa ipo. Kisha unaingia darasa la awali la shule ya msingi iliyo mbali na lami, unakuta watoto mia na ushee wameketi sakafuni, mwalimu ni mmoja, na mwalimu huyohuyo anasubiriwa darasa la pili mapumziko yakiisha.

Fundo la utetezi wa elimu ya awali liko hapo. Anayetetea haki ya ardhi anajua mpinzani wake ni nani. Kuna mtu anataka shamba lile. Anayetetea mishahara ya wafanyakazi anajua nani hataki kulipa. Sisi tunaotetea watoto wa miaka mitatu hadi mitano tunaingia ofisini, tunapewa kiti, tunapewa maji ya chupa, tunaambiwa "hoja yenu ni ya msingi sana", tunapiga picha ya pamoja, tunaondoka. Mwaka unaofuata tunarudi na hoja ileile. Nilipokuwa nasoma somo la utetezi katika elimu ya awali hapa Dodoma, sehemu kubwa ya vitabu ilifundisha jinsi ya kumshawishi asiyekubali. Kazi ya kijijini ikanifundisha habari nyingine: namna ya kumfanya aliyekwisha kukubali atoe kitu.

Tuanze na kilichokwisha kupatikana, maana si kidogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliingiza elimu ya awali kwenye mfumo rasmi. Baadaye kila shule ya msingi ikatakiwa kuwa na darasa la awali. Sera ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa tangu awali hadi kidato cha nne. Sera hiyo ikafanyiwa maboresho mwaka 2023, na toleo jipya likazinduliwa hapahapa Dodoma mwanzoni mwa 2025. Kabla ya hapo, Desemba 2021, jiji hili lilishuhudia uzinduzi wa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile ambayo watu wa halmashauri wanaiita kwa kifupi PJT-MMMAM, iliyopangwa kwa miaka mitano, 2021/22 hadi 2025/26. Inamhesabu mtoto tangu tumboni hadi miaka minane, na inataka apate vitu vitano kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Kwa hiyo anayeandika andiko leo akiomba serikali "itambue umuhimu wa elimu ya awali" anaomba kitu alichopewa zamani. Ombi la namna hiyo lina raha yake, kwa sababu halimgharimu mtu yeyote chochote, na ndiyo maana linakubaliwa haraka.

Sasa mtoto huyu ni wa nani? Swali linaonekana la kitoto mpaka ujaribu kulijibu kiofisi. Akiwa tumboni na miaka yake ya kwanza miwili, anajulikana kliniki. Yuko chini ya sekta ya afya. Akifika umri wa kupelekwa kituo cha kulelea watoto mchana, kituo hicho kinasajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, na mwenye dhamana ni Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Akiingia darasa la awali, sera yake inatoka Wizara ya Elimu, mtaala wake Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini darasa analokalia, choo anachokwenda na mwalimu anayemfundisha viko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri. Na fedha, kama kawaida, zinatoka Hazina au kwenye mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe.

Pale Mji wa Serikali, Mtumba, wizara hizi ni majirani. Unaweza kutoka moja hadi nyingine kwa mguu, ingawa jua la Oktoba litakufanya ujute. Ugumu uko chini, wilayani, ambako afisa lishe, afisa ustawi wa jamii, afisa maendeleo ya jamii na afisa elimu awali na msingi kila mmoja ana mpango kazi wake, kifungu chake cha bajeti na bosi wake wa kumridhisha. PJT-MMMAM ilikuja kuwakalisha meza moja, na hilo ni jambo jema. Ila kukaa meza moja hakumpi mtu amri juu ya fedha ya mwenzake. Anayefanya utetezi bila kujua mipaka hii hupeleka barua nzuri kwenye mlango usiohusika, na huko anajibiwa kwa adabu kwamba suala lake "litafikishwa sehemu husika".

Chukua suala la walimu. Kiwango kinachotakiwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tuseme shule ina watoto 110. Hesabu inataka walimu wanne na kitu, tuseme watano. Yupo mmoja. Wazazi wanakasirika, wanamfuata diwani, wanamwambia awaletee walimu. Diwani hana walimu. Vibali vya ajira mpya vinatoka serikali kuu, na halmashauri inapangiwa. Diwani anaahidi, kwa sababu diwani asiyeahidi si diwani, na hapo mambo yanakwama.

Lakini halmashauri hiyohiyo ina mambo kadhaa iliyo nayo mkononi. Inaweza kufanya msawazo, yaani kuhamisha walimu kutoka shule zilizozidi ikama, yaani idadi ya walimu waliopangiwa, ambazo aghalabu ziko mjini na kando ya barabara kuu, kwenda zilizopungukiwa. Inaweza kutenga posho ya walimu wa kujitolea kutoka mapato ya ndani. Inaweza kumwelekeza mwalimu mkuu asimpangie mwalimu wa awali vipindi vya madarasa mengine, agizo ambalo haligharimu hata shilingi moja. Inaweza kujenga matundu ya choo yanayolingana na mtoto wa miaka mitano, maana yale ya darasa la saba mtoto mdogo anayaogopa, na ana haki ya kuyaogopa. Ukiomba haya kwa majina yake, unaongea na mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo. Ukiomba "walimu zaidi", unaongea na hewa.

Nimewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kimoja wilayani Bahi, chini ya mti, ajenda zikiwa ni zilezile: mifugo kuingia mashambani, mchango wa zahanati, mengineyo. Kwenye mengineyo akasimama bibi mmoja, kanga begani, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", watu wakaitika.

"Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi. Mjukuu wangu anaandikishwa Januari. Shule iko ng'ambo ya korongo. Januari korongo limejaa. Kaka yake wa darasa la nne anavuka, huyu wa miaka mitano havuki. Mmesema elimu ni bure. Sasa hiyo bure ya ng'ambo mimi naifuataje?"

Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, kisha akauliza: "Bibi, tukusaidie nini hasa?"

"Darasa moja upande huu. La hawa wadogo tu na wa darasa la kwanza na la pili. Wakikomaa miguu watavuka. Kiwanja wanangu wamekubali kutoa, muulize huyo hapo."

Mtendaji wa kijiji akaandika kwenye muhtasari: kituo shikizi (madarasa ya wadogo yaliyo mbali na shule mama), kitongoji fulani, kiwanja kipo.

Bibi yule hakutaja haki za binadamu, hakutaja ubongo, hakutaja Malengo ya Maendeleo Endelevu. Alitaja umri, mahali, mwezi, sababu, anachotaka na anachotoa. Na alikuwa amegusa jambo ambalo mipango ya kitaifa huwa hailioni: mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Shule zinafunguliwa Januari. Kwa hiyo wiki za kwanza kabisa za mtoto shuleni, ambazo anatakiwa azoee kuamka, kutembea na kuachana na mama yake, zinaangukia wakati makorongo yana maji, wazazi wako shambani kutwa, na ghala la mtama na uwele limebaki vumbi, kwani mavuno bado. Mtoto wa awali anaanza shule katika miezi migumu kuliko yote ya mwaka. Anayetetea uji wa shule Dodoma na Singida angeanza na Januari hadi Aprili, siyo na "mwaka mzima", na angesikilizwa mapema zaidi.

Baada ya mkutano, kazi halisi ni kuufuata ule muhtasari. Watu wengi wa nje ya serikali hawajui njia yake, na wanaojua hawaielezi, kwa hiyo niieleze. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Lakini kitakachofanyika Julai kinaanza kuamuliwa tangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, Wizara ya Fedha inapotoa mwongozo wa bajeti. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele vyao kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vipaumbele vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Kutoka kata vinakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, ambao wanavipunguza, tena vikali, kwa kuwa fedha haitoshi. Kisha kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani, mara nyingi Januari au Februari. Halmashauri ikimaliza, rasimu inapita mkoani na TAMISEMI, halafu Aprili hadi Juni Bunge linaketi hapa Dodoma kwa ajili ya bajeti.

Tazama sasa sisi watetezi tunapoamka. Tunaamka Aprili! Bunge limeanza, magazeti yameandika, tunaandaa tamko, tunaomba kukutana na wabunge. Wakati huo rasimu ya halmashauri imeshachapwa na kufungwa. Bunge lina nafasi yake, hasa kwenye sera na mgawo wa kisekta, na kamati zake huwa zinasikiliza. Ila choo cha watoto wa awali wa Mpwapwa hakiamuliwi bungeni. Kiliamuliwa, au kilisahauliwa, kwenye kikao cha kata mwezi Novemba au Desemba, ambako hapakuwa na mtetezi hata mmoja kwa sababu hakukuwa na posho wala ukumbi wenye kiyoyozi.

Nitasema jambo hapa ambalo wenzangu hawatalipenda. Sehemu kubwa ya tunachokiita uchechemuzi, yaani utetezi huu wetu, ni warsha. Hoteli ya mjini, bango lenye nembo saba, fulana, kalamu, chai ya saa nne, "maazimio". Nina fulana hizo. Maazimio yake karibu yote huanza na maneno "wadau wote washirikiane", na azimio ambalo ni la wote halina mtu wa kumwuliza limefikia wapi.

Watetezi wa lishe walituzidi akili. Wao nao walikuwa na jambo ambalo hakuna anayelipinga. Nani atapinga mtoto kula? Lakini walipata namba. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya aliyekuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, na ndani yake halmashauri zikabanwa kutenga fedha kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano, kiwango ambacho wengi wanakijua kuwa ni shilingi 1,000. Mwaka 2022, akiwa Rais, akasaini mwenyewe na wakuu wa mikoa. Angalia uzuri wa shilingi 1,000 hiyo. Mkurugenzi wa halmashauri hawezi kusema "tunaendelea kuipa lishe kipaumbele". Ataulizwa watoto wangapi, zimetengwa ngapi, zimetoka ngapi. Diwani aliyeishia darasa la saba anaweza kuikokotoa kwenye kiti chake. Udumavu kitaifa ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, ukashuka hadi 34 mwaka 2015/16 na 30 mwaka 2022. Sisemi mkataba ndio ulioshusha, kwani ulianza kushuka kabla, na mambo mengi yanaingia humo. Ninachosema ni kwamba lishe ina swali fupi la kuuliza kila robo mwaka.

Elimu ya awali inalo la kwake, ile 1 kwa 25, lakini tumeliacha liwe takwimu ya kulalamikia. Halina saini ya mkuu wa mkoa, halimnyimi mtu usingizi. Kama ningepewa nafasi moja ya kushauri mtandao wowote wa elimu ya awali nchini, ningesema waache mengine wapiganie shilingi kadhaa kwa kila mtoto wa awali, zitokane na mapato ya ndani, zisainiwe kama zile za lishe. Zikiwa ndogo mwanzoni si neno. Mstari ukishakuwemo kwenye bajeti, kuuongeza ni rahisi kuliko kuuzaa.

Kuhusu ushahidi. Tunapenda sana kunukuu kwamba asilimia 90 ya ubongo hukua kabla ya mtoto kutimiza miaka mitano. Ni kweli kwa maana ya ukubwa: ubongo wa mtoto wa umri huo unakaribia kimo cha ubongo wa mtu mzima. Haina maana kwamba asilimia 90 ya akili au ya kujifunza imekwisha. Mzazi akielewa vibaya anafanya mambo mawili, yote mabaya. Ama anakata tamaa juu ya mtoto wake wa miaka saba, ama anamkimbiza wa miaka mitatu akaandike herufi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Jamaika, nchi ambayo haikuwa tajiri. Mwaka 1986 na 1987 watafiti jijini Kingston walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi tisa hadi 24. Baadhi ya familia zilitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii mara moja kwa wiki kwa miaka miwili. Wahudumu hao hawakubeba kompyuta. Walimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, kuzungumza naye, kumsifu, kutumia vitu vya kutengeneza nyumbani. Miaka ishirini baadaye, vijana waliowahi kutembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi kile cha wenzao ambao hawakutembelewa kwa takriban asilimia 25. Habari hii ukiisimulia kwa wazazi wa Chemba wanaielewa mara moja, kwa sababu wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawajua kwa sura. Na ukiisimulia kwa mkurugenzi wa halmashauri anaona kitu anachoweza kukifanya na watu alionao.

Halafu kuna wazazi wa mjini, ambao ni mtihani mwingine. Nkuhungu, Nzuguni, Ihumwa, kila mtaa una chekechea, nyingine nzuri, nyingine ni sebule iliyopakwa picha za wanyama ukutani. Mzazi analipa ada, kwa hiyo anataka kuona kitu, na kitu anachokiona ni daftari. Mtoto wa miaka minne anarudi na kazi ya nyumbani kurasa mbili za herufi "a". Mwalimu anajua kabisa kwamba mtaala wa awali unataka mtoto ajifunze kwa kucheza, kuimba, kupanga, kuhesabu vizibo vya soda na mbegu za ubuyu, kusimulia. Ila mwalimu akimruhusu mtoto acheze, mzazi anauliza: "Madam, kwani nalipa aje kucheza?" Swali si la dharau. Huyu mzazi naye alifundishwa kwa kuimba ubao na kuchapwa, na kwake hiyo ndiyo shule. Mwalimu mmoja niliyemfahamu alilitatua kwa kuwaalika wazazi Ijumaa moja, akawapa vizibo na maswali yaleyale anayowapa watoto. Baba mmoja, fundi ujenzi, akabishana na mkewe kwa dakika kumi kuhusu njia ya kugawa vizibo 17 kwa watu watatu. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena watoto wanacheza nini. Sera hazifiki huko. Ni mwalimu tu anayefika.

Na suala la lugha halikwepeki mkoani kwetu. Mtoto wa mjini anakuja awali na Kiswahili chake. Wa kijijini anakuja na Kigogo, Kirangi au Kisandawe, na siku ya kwanza anaambiwa akae chini kwa lugha asiyoijua. Anakaa kwa sababu wenzake wamekaa. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kufanya kazi Dodoma na mikoa mingine, uliwahi kuendesha mafunzo ya muda mfupi ya utayari wa kuanza shule, ukitumia wasaidizi kutoka jamii yenyewe na hadithi kama njia ya kuvukia kwenda kwenye Kiswahili. Fundisho lake kwa mtetezi ni dogo lakini lina mashiko: kijana wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne, akipewa mafunzo na vifaa, anaweza kubeba sehemu ya mzigo wa mwalimu. Miradi kama hiyo inapofunga virago, halmashauri inabaki na vitabu vya hadithi stoo na wasaidizi wasio na posho. Anayetetea vizuri anauliza swali la posho mradi ungali na miaka miwili mbele.

Niguse pia suala la kauli. HakiElimu, shirika lisilo la kiserikali lililoanzishwa 2001, lilijijengea jina kwa kuonyesha hali ya shule kama ilivyo, na mwaka 2005 serikali ikalizuia shirika hilo kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Zuio hilo baadaye likaondolewa. Kuna wanaotoa humo fundisho la kunyamaza. Mimi naona vingine. Tafiti zile zilisumbua kwa sababu zilikuwa na takwimu na mahali, na kelele tupu haijawahi kumsumbua mtu kiasi hicho. Kwa mwalimu aliye kwenye utumishi wa umma, hata hivyo, njia ni nyingine: anapitia kwa mwalimu mkuu, kamati ya shule, Afisa Elimu Kata, chama cha walimu. Asirushwe mbele ya kamera na shirika ambalo kesho litahamia mradi wa maji.

Tuseme basi yote yamekwenda sawa: ombi limeandikwa Novemba, limepita kata, limepita baraza, limo kwenye kitabu cha bajeti. Hapo wengi hufanya sherehe. Kitabu cha bajeti ni nia tu. Fedha iliyotengwa inaweza isitoke, au itoke robo ya nne ambapo hakuna muda wa kuitumia, au makusanyo ya ushuru wa mazao yakawa mabaya kwa sababu ya ukame, jambo ambalo kanda ya kati tunalijua. Taarifa za mapato na matumizi zinatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kijiji na shule na kusomwa kwenye mkutano mkuu kila robo mwaka. Nenda na kalamu, linganisha kilichotengwa na kilichotoka, uliza kwa sauti ya kawaida. Ukiuliza robo mbili mfululizo, ya tatu watakutafuta wewe kukueleza.

Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na UVIKO-19, kiasi cha shilingi trilioni 1.3, humo kulikuwa na madarasa 15,000, na kati yake 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi. Fedha za namna hiyo huja ghafla na muda wa kuzitumia huwa mfupi. Hakuna muda wa kuanza kuelimisha jamii. Kinachoulizwa ni kiwanja kipo wapi na muhtasari uko wapi.

Kundi ambalo bado halina mwenyewe ni watoto wa miaka mitatu na minne. Sera inahesabu mwaka mmoja wa awali, na aghalabu anayeandikishwa ni wa miaka mitano. Mdogo wake anamfuata dada shuleni kwa kuwa nyumbani hakuna mtu, anakaa mwisho wa mkeka, hayumo kwenye daftari la mahudhurio, na uji ukigawiwa anapewa kwa huruma ya mwalimu. Ndiye anayefanya darasa la watoto 80 liwe la 110. Dodoma ni mojawapo ya mikoa ambako vituo vya kijamii vya malezi vimejaribiwa ili kumpokea mtoto huyu karibu na nyumbani, na panapokuwa na kituo kinachofanya kazi, mwalimu wa awali anahema. Tatizo ni malipo ya mlezi. Vingi vinategemea michango ya wazazi, na wazazi wenyewe wanategemea mavuno, kwa hiyo michango inakatika Januari hadi Aprili, miezi ileile ambayo mama yuko shambani na anamhitaji mlezi kuliko wakati mwingine wowote. Posho ya mlezi kwa miezi hiyo minne tu, kutoka mapato ya ndani, ni ombi linaloingia kwenye mstari mmoja wa bajeti. Kikao chake ni cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwezi Novemba.